Nyumba ya Kupangisha Garissa: Pesa Zitoke Wapi?

Tuseme nyumba kuukuu ya vyumba vinane inauzwa Bula Iftin, mjini Garissa. Mabati yameshika kutu, choo kimejaa, lakini wapangaji hawakosi kuulizia. Mwenyewe anataka Sh3 milioni. Mama mwenye duka sokoni ana Sh600,000 tu. Afanyeje?

Zamani angeuza ngamia, au angengoja ndugu wa ng'ambo atume hawala. Mkopo wa benki wengi waliuepuka kwa sababu ya riba. Mnamo 2008 Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Hii ya pili sasa ni Premier Bank Kenya.

Njia yao moja ni ushirika unaopungua. Mama anatoa zile 600,000, benki inatoa milioni 2.4, na nyumba ni ya wote wawili. Kila mwezi mama ananunua kipande cha benki, huku akilipia kodi sehemu isiyo yake bado.

Hapo ndipo msomaji achukue kalamu. Kwa miaka kumi, kipande hicho ni Sh20,000 kwa mwezi. Vyumba vinane vya Sh4,000 huleta Sh32,000. Benki ikidai fungu lake la kodi hiyo, yaani asilimia 80, ni Sh25,600. Jumla ni Sh45,600! Wapangaji peke yao hawatoshi, hata vyumba vyote vikijaa. Duka lazima lisaidie miaka ya mwanzo.

Na vyumba havijai daima. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, Chuo Kikuu cha Garissa kilifungwa hadi Januari 2016. Aliyetegemea kodi ya wanafunzi pekee alibaki na makufuli.

Ukarabati, kwa maoni yangu, ni kazi ya ayuto. Akina mama 20 wakichanga Sh10,000 kila mmoja, zamu yako ni Sh200,000, bila riba wala fomu. Omba zamu ya mapema. Anza na choo na paa, kisha dari, maana joto la Garissa chini ya mabati matupu hufukuza mpangaji. Zikipungua, benki yaweza kununua saruji na mabati ikuuzie kwa faida mnayokubaliana siku ya kwanza.

Lakini kabla ya yote, karatasi. Ploti nyingi mjini zimeshikiliwa kwa barua ya kugawiwa tu, na barua moja yaweza kuuzwa mara mbili. Benki itataka hatimiliki. Nenda ofisi ya ardhi ukapekue rejista kabla ya kutoa hata shilingi ya arbuni.

Na ukifikiria kuweka rehani nyumba mnamoishi, zungumza kwanza na mwenzako. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mume na mke.