Uswisi: Shirikisho la Lugha Nne

Uswisi ni shirikisho la kantoni 26, kila moja ikiwa na katiba, bunge, serikali na mahakama zake. Shule na polisi kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwa kantoni. Jeshi, sarafu na mambo ya nje ni ya shirikisho. Bunge la shirikisho, lenye Baraza la Taifa la wajumbe 200 na Baraza la Kantoni la wajumbe 46, huchagua mawaziri saba wanaotawala kwa pamoja. Urais huzunguka miongoni mwao kila mwaka, na rais hana amri juu ya wenzake, jambo geni kwa waliozoea ikulu.

Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano ndizo lugha za sheria, na matoleo yote matatu yana nguvu sawa. Kiromanshi, lugha ya taifa tangu 1938, hutumika rasmi serikali inapowasiliana na wasemaji wake. Noti za faranga huandikwa jina la benki kuu kwa lugha zote nne. Hata hivyo, Waswisi wengi hawazijui zote, kwa kuwa kila kantoni hujichagulia lugha yake: Geneva Kifaransa, Zürich Kijerumani, Ticino Kiitaliano. Bern, Fribourg na Valais zina mbili. Graubünden pekee ina tatu.