MKAA NA MIALE YA GAMA

Shika kipande cha mkaa. Sehemu yake kubwa ni kaboni. Kaboni imo pia katika mahindi, katika nyama na katika mwili wako. Je, ilitoka wapi? Ilitengenezwa ndani ya nyota, zamani sana, kabla dunia yetu haijakuwako.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya nyota yenye joto kali, viini vitatu vya gesi ya heli huungana kuwa kiini kimoja cha kaboni. Lakini kiini hicho kipya kina nguvu kupita kiasi. Ni kama mtu aliyesimama juu ya ngazi inayotikisika. Karibu kila mara huvunjika, kikawa heli tena. Katika viini 10,000, karibu 4 tu hubaki kuwa kaboni. Mkaa wote unaoujua umetokana na hao wachache!

Mwaka 1953 Fred Hoyle wa Uingereza alisema kwamba ngazi hiyo lazima iwepo, kwa sababu bila hiyo kaboni ingekuwa haba mno. Wanasayansi wa California, Marekani, walipima, wakaikuta.

Hivyo viini vinne huponaje? Hushuka ngazi, vidato viwili. Katika kila kidato kiini hutoa mwale wa gama. Mwale huo ni ndugu wa mwanga, ila macho hayauoni, na nguvu zake ni nyingi zaidi.

Je, kiini hukaa muda gani kwenye kidato cha chini? Gawa sekunde moja mafungu milioni moja. Chukua fungu moja, uligawe tena mafungu milioni moja. Chukua moja la hayo, uligawe mafungu 100. Sita kati ya hayo ndiyo muda wake. Hakuna saa ya mkononi wala ya ukutani iwezayo kupima hivyo. Muda huo hupimwaje basi?

Simama kando ya barabara. Basi linakuja likipiga honi. Linapokaribia, sauti ni nyembamba. Likishakupita, sauti huwa nzito. Dereva hakubadili honi. Ni mwendo wa basi unaobadili sauti. Basi likisimama, utasikia honi kama ilivyo.

Mwale wa gama nao hufuata kanuni hiyo. Wanasayansi hupiga kaboni kwa chembe ziendazo kasi. Kiini kilichopigwa hupanda kidato, na papo hapo hurushwa mbele. Njiani huingia katika kitu kizito, kwa mfano dhahabu, ambacho hukipunguza mwendo mpaka kisimame. Kiini kikitoa mwale kingali mbioni, nguvu za mwale huonekana zimebadilika, kama honi ya basi linalokwenda. Kikiutoa baada ya kusimama, hazibadiliki. Wapimaji wanajua dhahabu hupunguza mwendo upesi kiasi gani. Kwa hiyo hutazama mwale umebadilika kiasi gani, kisha hupiga hesabu ya muda. Saa yao ni kile kipande cha dhahabu.