Railay: Majabali ya Chokaa Kusini mwa Thailand

Railay ni sehemu ya bara, lakini huwezi kufika kwa gari. Rasi hii ya mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand, imezibwa na majabali ya chokaa yasiyoacha nafasi ya barabara. Wageni hupanda mashua ndefu za injini kutoka Ao Nang, na wanaoshukia pwani ya magharibi hukunja suruali na kutia miguu majini, mizigo begani. Pwani ya mashariki ni tope na mikoko.

Sisi wa Bungu hatutishwi na milima; Usambara yetu tunaipanda tangu utotoni, tena na mizigo kichwani. Kitakachotushangaza ni kuta zilizosimama wima juu ya mchanga, na watu wanaolipa ili wazikwee. Maji ya mvua yameitafuna chokaa, yakachimba mashimo na kuacha mawe yakining'inia juu hewani. Aliyeingia mapango ya Amboni kule Tanga ameiona kazi hiyo hiyo, ila gizani.

Wanaoanza hupelekwa ukuta uitwao One-Two-Three. Mwalimu anakagua mkanda wa kiunoni na fundo la kamba, mgeni anajipaka unga mweupe viganjani ili jasho lisimponze, kisha anapanda huku mwenzake akiishika kamba kutoka chini. Mafundi huenda kuta za Thaiwand au Tonsai.

Lakini roho ya mkweaji imeshikwa na vyuma vilivyopachikwa mwambani. Vingi vya mwanzo vilikuwa vya chuma kisichoshika kutu, au ndivyo ilivyodhaniwa. Chumvi ya bahari ilivipasua kwa ndani huku nje vinang'aa, na vingine vikakatika. Siku hizi hugundishwa vya titani, ghali mno, na sehemu kubwa ya fedha ni michango ya wakweaji wenyewe.

Chakula hakitakusumbua: Krabi ina Waislamu wengi, na wali kwa mchuzi wa nazi upo. Katika pango la Phra Nang, kwenye rasi hiyo hiyo, wavuvi huweka sadaka za viungo vya kiume vilivyochongwa kwa mti, vikubwa kwa vidogo. Ukiongozana na mkweo, pitieni njia nyingine.

Nenda kati ya Novemba na Aprili, kabla ya masika yao. Na kabla hujafunga kamba, uliza vyuma vya njia hiyo ni vya aina gani na viliwekwa lini.