"Fedha Zako Zimetoka, Tuma Ada Kwanza"

Siku hizi simu imefika hata kwenye vijiji ambavyo barabara bado haijafika. Imetusaidia sana. Lakini matapeli nao wamepita humo humo.

Tuchukue mfano. Mama yuko shambani anapalilia. Simu inalia. Mtu anaongea kwa adabu: "Shikamoo mama. Hapa ni TASAF makao makuu. Jina lako limepita, una laki nne zako. Ila kuna ada ya fomu, elfu ishirini tu. Tuma sasa hivi, saa kumi tunafunga. Na usimwambie mtu, nafasi ni chache."

Mama anauza kuku, anatuma. Baadaye anapigiwa tena: fedha zimekwama benki, inatakiwa elfu thelathini ya kuzifungulia. Anakopa kwa jirani, anatuma. Kuanzia hapo namba ile haipatikani. Kuku hakuna, laki nne hakuna, na deni la jirani lipo.

Wengine husema huo ni ujinga wa mama. Sisi hatukubali. Watu wanaamini kwa sababu fedha za Serikali zipo kweli, na wamewaona wenzao wakizipata. Tapeli hujenga uongo wake juu ya jambo la kweli. Basi tulijue hilo la kweli linavyokwenda.

TASAF ilianza mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012. Kaya hazichaguliwi kwa simu. Majina hupelekwa kwenye mkutano wa kijiji, yakasomwa mbele ya watu, na majirani husema huyu anastahili, huyu hapana. Sasa jiulize: kama mkutano haujafanyika, jina lako limepita wapi?

Iko pia mikopo ya halmashauri. Hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Haina riba, lakini inarudishwa. Mtu akikuambia kuna "mkopo wa Serikali usiorudishwa", hata maneno yake yenyewe yanagombana. Kwa kawaida hupewa vikundi vilivyosajiliwa, na wa kumwuliza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Ruzuku ya mbolea nayo haiji kama fedha mkononi. Mkulima hujiandikisha kijijini, kisha hununua mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Basi.

Katika maneno yote ya tapeli, lililo baya kuliko yote ni hili: "Usimwambie mtu." Mambo ya Serikali kijijini husemwa mkutanoni na kubandikwa ubaoni. Anayekutaka unyamaze anajua kwamba ukimwuliza mwenzako mmoja tu, hadithi yake imekwisha. Kwa hiyo mwulize mtu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla hujatuma hata senti.

Na kama ni mtendaji mwenyewe anayetaka kitu kidogo ili aandike jina lako? Hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Wewe umejifunza kusoma, basi soma. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ujumbe ukisema "umepokea fedha", tazama umetoka kwa nani. Kama umetoka kwenye namba ya simu ya kawaida, una shaka. Angalia salio lako kwanza, ndipo uamini. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Wengine hawapigi simu, huja wenyewe na makaratasi, wanaandikisha watu "wa msaada" na kutaka kitambulisho na alama ya kidole. Waulize kama wamesaini kitabu cha wageni ofisi ya kijiji. Kidole chako kinaweza kusajili laini ya simu kwa jina lako, kisha laini hiyo ikatumika kuwaibia wengine. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikafutwe.

Ukiwa umekwisha kutuma fedha, usikae na aibu ndani. Ipigie kampuni ya simu mara moja, maana fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Toa taarifa polisi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Mtendaji naye umwambie siku hiyo hiyo, awatangazie wenzako kabla simu haijalia nyumba ya pili.