Mbalamwezi Juu ya Epipolae

Usiku mmoja wa kiangazi, mwaka 413 kabla ya kuzaliwa Masihi, Demosthenes, jemadari wa Athens, aliwapandisha kwa siri maelfu ya askari katika uwanda wa Epipolae, ulioinuka juu ya mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sisilia, wakaiteka ngome ya kwanza na kuanza kuubomoa ukuta wa adui. Na kabla ya kupambazuka jeshi lile lile lililokuwa likishinda lilikuwa likiuana lenyewe kwa lenyewe. Habari za msiba huo tumeachiwa na Thucydides, mwanatarikhi wa zama zile zile, aliyepata kuwa jemadari yeye mwenyewe, naye ataja jambo ambalo ni rahisi kulipita: kwamba mbalamwezi iling'aa, na kila mtu aliliona umbo la aliye mbele yake, lakini hakuweza kuyakinisha kama ni sahibu au ni adui.

Elimu ya jicho yamsadiki. Katika retina, ule utando wa ndani upokeao nuru, mna seli za namna mbili: koni, zipatazo milioni 6, zitambuazo rangi na alama ndogo ndogo lakini zihitajizo nuru nyingi, na vijiti, vizidivyo milioni 100, ambavyo hutosheka na nuru haba ila havipambanui rangi, na sura huziona kwa ukungu. Nuru ya mwezi mpevu ni haba kuliko ya jua kwa kiasi cha mara 400,000, hata koni huwa hazifai kitu kikubwa, na kazi huachiwa vijiti. Ajabu iliyopo ni kwamba pale katikati ya retina, mahali tupaelekezapo hasa tunapokikazia kitu macho, hamna kijiti hata kimoja. Basi askari aliyemkodolea mwenziwe usoni ili amtambue alikuwa akimtazama kwa sehemu ya jicho iliyo dhaifu kupita zote wakati wa usiku, na kwa kadiri alivyojitahidi, ndivyo uso ule ulivyomfifilia.

Jicho liliposhindwa, likabaki sikio. Wa mbele walikwisha vunjwa nguvu na Waboeotia, Wagiriki waliokuwa wakiisaidia Syracuse, wakarudi mbio na kuwagonga wenzao ambao ndio kwanza wanapanda, wasijue waelekee wapi. Na kila aliyekutana na kivuli alikidai neno la siri. Lakini neno la siri huwa na faida maadamu halijapigiwa makelele, na Waathene, wakiulizana wote kwa mara moja, walimfunza adui neno lao, hali yeye, kwa kuwa alikuwa akishinda na hakutawanyika, hakuwa na haja ya kuuliza sana, na neno lake likahifadhika. Kikosi cha adui kilichozidiwa kikajibu sawasawa na kuachiliwa. Mwathene aliyeshindwa kujibu akauawa.

Jambo lililowadhuru kuliko yote, kwa shahada ya Thucydides, lilikuwa wimbo. Watu wa Argos na wa Corcyra walipigana upande wa Athens, lakini kwa nasaba walikuwa Wagiriki wa kabila la Wadori kama Wasyracuse wenyewe, na wimbo wao wa vita ulifanana na wa adui. Basi kila walipouimba, Waathene waliokuwa karibu nao walidhani wamezungukwa, wakawageukia sahibu zao kwa silaha, na kuwaachanisha ikawa shida. Wako wawezao kuuita usiku ule woga. Mimi siwakubalii: watu wale walihukumu kwa dalili walizokuwa nazo, na dalili zote zilikuwa za uwongo.

Njia ya kushukia ilikuwa nyembamba, na wengi walijitupa magengeni wakafa. Wa jeshi la kwanza la Athens, waliofika kabla ya Demosthenes na waliokwisha kaa huko siku nyingi na kuijua ardhi kwa nyayo zao, wengi wao waliifikia kambi. Baadhi ya wageni waliokuja na Demosthenes walipotea mashambani, na kulipokucha wapanda farasi wa Syracuse wakawazunguka na kuwaua.