Bar Mitsva: Tatizo la Kisawe cha Kiswahili

1.0 Utangulizi
Istilahi bar mitsva inapoelezwa kwa Kiswahili, huweza kufananishwa na jando au na kipaimara. Makala haya yanaonyesha kuwa visawe hivyo vinapotosha, kwa kuwa vinataja sherehe, ilhali istilahi yenyewe inamtaja mtu na dhima yake kisheria.

2.0 Maana ya Istilahi
Bar ni neno la Kiaramu lenye maana ya 'mwana'. Mitsva ni la Kiebrania, yaani 'amri'. Kwa msichana husemwa bat mitsva. Bat ina asili moja na binti, neno ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu. 'Mwana wa amri', basi, ni mtu anayefungwa na amri. Mapokeo ya marabi huhesabu amri 613 katika Torati. Mvulana huanza kuwajibika atimizapo miaka 13, na msichana miaka 12. Kabla ya hapo dhima ni ya mzazi. Ndiyo sababu baba, kimapokeo, humshukuru Mungu kwa kumwondolea dhima ya makosa ya mwanawe. Kusoma Torati mbele ya waumini ni alama tu. Asiyesoma hufungwa na amri vilevile.

3.0 Udhaifu wa Visawe
Abayudaya wa Mbale, Uganda, ni mfano ulio karibu. Jumuiya hii ilianzishwa na Semei Kakungulu, aliyetahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919. Majirani zao Wagisu huwatahiri vijana, na kwa tendo hilo kijana huwa mwanamume. Abayudaya hutahiri mtoto siku ya nane. Tohara na utu uzima havikutani. Jando, kwa hiyo, halifai.

Kipaimara nacho, kama wakijuavyo Waanglikana wa Kasulu, hutolewa na askofu kwa kuwekea mikono. Asiyewekewa mikono hajakipata. Hadhi ya bar mitsva haitolewi na mtu yeyote. Huja na umri.

4.0 Hitimisho
Neno lililo karibu zaidi ni kubaleghe, kwa maana yake ya fikihi: swala na funga humlazimu aliyebaleghe, awe amefanyiwa sherehe au la. Hata hivyo, fikihi hutanguliza dalili za mwili, na katika mazungumzo ya kawaida neno hili limebaki na maana ya mwili tu. Inapendekezwa kusema 'kubaleghe kisheria', na tukio liitwe 'sherehe ya bar mitsva'.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Utawala wa Idi Amin (1971-1979) ulipiga marufuku ibada ya Abayudaya. Iwapo bar mitsva ni sherehe, mvulana aliyetimiza miaka 13 wakati huo bila kusoma Torati hadharani alinyimwa utu uzima wake. Kwa mujibu wa sheria waliyoishika wazazi wake, alinyimwa sherehe tu. Amri zilikuwa zimekwisha kuwa zake.