Unga na Baleghe ya Vijana wa Kisumu

Heroini, ambayo sisi watu wa pwani tumeijua kwa jina la unga tangu miaka ya 1980, haikubakia Mombasa wala Malindi. Imeshafika Kisumu, na huko kando ya Ziwa wamo vijana wanaojidunga. Habari za wizi na arosto husimuliwa sana. Linalonyamaziwa, kwa haya, ni kuwa unga huudhoofisha uanaume ungali unachipua.

Mvulana hubaleghe kwa amri itokayo ubongoni. Sehemu iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo hupeleka homoni zake kwenye korodani, ndipo testosteroni na mbegu za uzazi hutengenezwa. Heroini na dawa zote za jamaa ya afyuni huizuia amri hiyo kwenye chanzo chake. Korodani huwa nzima, ila hazikuagizwa kazi. Mtu mzima hupungukiwa na hamu, nguvu na mbegu. Kwa mvulana wa miaka 14 hasara ni kubwa zaidi, kwani huo ndio wakati wa sauti kuwa nzito, misuli kujaa na mifupa kukomaa. (Kwa madhehebu ya Shafi, asiyeona alama huhesabiwa amebaleghe atimizapo miaka 15 ya Kiislamu, sala na saumu hazimngojei ndevu.)

Huzuni hujitokeza baada ya nikaha. Mtoto akikosekana, mke ndiye atakayezungushwa kwa waganga, na mume haulizwi alitumia nini ujanani. Hiyo twaiona ni dhulma. Mume naye apimwe manii, na testosteroni ipimwe asubuhi.

Tiba ya methadoni ilianza nchini katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na sasa Kisumu nako ipo. Methadoni nayo ni ya jamaa ya afyuni, na kipimo kikubwa chaweza kuishusha testosteroni. Asiikimbie mtu kwa hilo: unga huua, na sindano ya kushirikiana hueneza Ukimwi na homa ya ini. Amweleze daktari, huenda kipimo kikarekebishwa au akapewa buprenofini, ambayo huathiri homoni kwa uchache zaidi. Wengi wanaoacha kabisa hurudiwa na homoni zao baada ya majuma au miezi.

Mzazi ambaye mwanawe ana miaka 16, sauti haijabadilika, na amewahi kutumia unga, amwambie daktari yote mawili. Daktari aliyefichwa habari ya unga ataitafuta sababu kwingine.